Arobaini ya Panya wa Bibi Mzungu

"Panya? Panya wa kuletwa kwa hiari? Ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

Huyo ni wifi yangu. Sauti yake hupitia puani, na akikasirika huvuta mwisho wa neno kama mtu anayevuta ndoo kisimani: "Ya kaka yanguuu?" Kaka yake, mume wangu, alikuwa na miaka minne kaburini, lakini kwa wifi yangu nyumba ile ya Waa ilikuwa bado ya kaka yake, na sisi wajane wawili tuliobaki humo tuliikalia tu kwa adabu.

"Si panya, wifi," nikamwambia. "Ni wageni wa kutoka Diani."

"Wana mikia?"

"Wana mikia."

"Basi ni panya."

Akajifunga leso kiunoni akaingia jikoni. Mimi nikabaki barazani na sanduku la vioo mapajani, mume na mke wamo ndani wananitazama. Sikumlaumu. Siku ya kwanza nilipowaona mimi mwenyewe nilikimbilia ufagio. Lakini ukiwatazama sana unaona hawafanani na wale wa darini. Rangi yao ya mchanga mkavu, tumbo jeupe, macho meusi kama mbegu za papai, na mkia una manyoya mpaka nchani, unaishia kwa kishungi. Husimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, kama wazee wanaongoja kuulizwa habari.

Walikuwa wa bibi mzungu niliyekuwa nikimfulia na kumpikia. Alikaa peke yake Diani, nyuma ya barabara ya hoteli, mwanamke wa makamo yangu, mrefu, mwembamba, magoti yametokeza. Kiswahili alikijua kwa namna yake. Maneno alikuwa nayo mengi, ila aliyapanga kama vyombo vilivyoangushwa. "Mama, hii si panya. Hii mnyama ya jangwa. Safi sana. Veve nusa." Nami nikainama nikanusa, na kweli hawakunuka.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya elnino. Hoteli zilikuwa zimelala, wazungu wengi wamefunga virago. Jirani zake walipoondoka walimwachia huyo mke, na mume bibi akamtafuta mwenyewe mpaka Mombasa. Tangu hapo kazi yake ikawa kungoja mimba. Kila asubuhi nikifika ananivuta mkono mpaka kwenye sanduku. "Mama, veve ona tumbo? Mimi naona tumbo." Mimi nikitazama naona panya aliyeshiba. Miezi ikapita hivyo. Nikamtania, nikamwambia tumpeleke kwa mganga Matuga. Akauliza mganga anataka saa ngapi.

Kisha akaanguka. Nilikuwa nimetoka kupiga deki sakafu ya sebule, maji hayajakauka, niko nje naanika shuka, nikasikia kishindo. Nikamkuta chini, mguu umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Hakulia. Alikuwa mweupe kuliko zile shuka. Dereva wa teksi na mimi tulimbeba, na akiwa amelazwa kiti cha nyuma, jasho linamtiririka, alilosema ni hili: "Mama, sasa tumbo kweli. Veve chukua nyumbani kwako. Veve najua toto."

Najua watoto, ndiyo. Nimezalisha wanawake wa Waa tangu kabla hapajawa na zahanati. Kwa hiyo niliitika. Na moyoni nikajua kwamba mguu wake nimeshauvunja mimi kwa deki yangu. Hao watoto aliowangoja miezi yote hiyo wakiharibika mikononi mwangu, nitamtazama kwa jicho gani?

Hivyo ndivyo panya walivyofika Waa.

Siku ya tano, asubuhi, nimemaliza kuswali, nakwenda kuwapa alizeti, nikasikia sauti. Ilikuwa ndogo sana, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta, na mlango wenyewe uwe wa kiberiti. Nikasogeza maranda kwa kijiti. Walikuwa sita. Wekundu, hawana unywele, macho yamefungwa, kila mmoja kama njugu mawe iliyochemshwa ikatolewa ganda.

"Wifi, njoo uone," nikaita.

"Siji."

"Kuna mzazi ndani ya nyumba."

Akaja. Neno hilo kwetu likitajwa hata mliyenuniana naye huja. Alifika na ushungi wake, akainama juu ya vioo, akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Maskini. Sita kwa mara moja. Na hana mtu wa kumshika mgongo."

Basi tukiwa tumeinama hivyo, tukamwona mume. Mke ametoka kuzaa hata damu haijakauka, na yule bwana anamkimbiza. Anapiga sakafu ya sanduku kwa miguu ya nyuma, tu-tu-tu, tu-tu-tu, kisha anamrukia. Mke anamkwepa, anarudi kwa watoto. Mume anapiga tena, tu-tu-tu.

Wifi alijifunika macho kwa ncha ya leso, akaacha jicho moja nje. "Mtoe," akasema. "Mtoe huyo. Arobaini haijui?"

Nami nilikubaliana naye. Kwetu mwanamke akizaa, mume hukusanya mto wake akalale kwingine mpaka siku arobaini zitimie. Mzazi anafungwa tumbo, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, anafukizwa udi, na mwanamume anaulizia hali yake mlangoni. Nimewatoa wanaume wengi vyumbani mwao kwa mkono wangu huu, wengine wakubwa wa kuheshimiwa, wakibeba mito yao kimya. Sembuse huyu wa kutoshea kwenye kikombe. Nikamfunika kwa bakuli, nikapitisha karatasi ngumu chini yake, nikamtoa. Nikamtia kapuni, kapu la ukindu jipya, nikalifunga mdomo kwa kamba.

Wifi akaleta chetezo. Tukafukiza kidogo tu, moshi wa kupita juu ya vioo, kumpongeza mzazi. Nikampa uji kwenye kifuniko cha soda. Aliunusa, akapiga chafya, akarudi kula alizeti.

"Hapendi pilipili," wifi akasema.

"Hata wewe ulipozaa hukuipenda. Ulimwaga dirishani, mama yenu akaona kuku wanapiga chafya."

"Usinikumbushe."

Saa sita kapu lilikuwa tupu. Lilikuwa na tundu pembeni, duara, safi kama limekatwa kwa makasi. Mume alipatikana chini ya kitanda cha wifi, na wifi akawa juu ya kitanda hicho, amesimama na viatu vyake, anasoma kila dua aliyofundishwa tangu chuoni. Nikampata kwa sufuria. Safari hii nikamtia kwenye debe, nikamwekea mchanga na maranda na chakula. Debe hata awe na meno ya msumeno hatoki.

Hakutoka. Lakini alipiga. Mchana kutwa, tu-tu-tu kwenye bati.

Hapo nilikumbuka kitu cha zamani kidogo. Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alimtoa mume wangu akamlaza banda la jikoni. Kila alasiri, wanawake wakienda kisimani, nilisikia ukuta wa udongo unakwaruzwa kwa nje, karibu na kichwa changu. Halafu sauti yake, ya chini, na alikuwa na kigugumizi kidogo: "A-amelala?" Nami nikimjibu, "Amelala." "Na we-wewe?" "Mimi siwezi kulala, kuna mtu anakwaruza ukuta." Akicheka huko nje, akienda zake. Nilimweleza wifi habari hiyo tukichambua mchicha, na debe linalia. Wifi akasema kaka yake hakuwa na kigugumizi. Nikamwambia kwako hakuwa nacho.

Ulikuwa msimu wa kusi, mwezi wa saba, upepo unaingia mpaka kwenye magodoro. Siku ya pili niliona jambo sikulipenda. Mke akitoka kwenda kula, wale sita walibaki wazi, wanatambaatambaa bila macho, wanatafutana. Akirudi anawakusanya kwa mdomo mmoja mmoja, anawalalia. Hajapumzika, njaa inamrudisha kwenye chakula. Akitoka, wanatawanyika tena. Nikawafunika kwa pamba, akaitoa. Nikasogeza sanduku mbali na dirisha.

Siku ya tatu asubuhi nikakuta mmoja yuko pembeni peke yake, chini ya chupa ya maji. Alikuwa baridi. Nilimweka katikati ya viganja nikampulizia pumzi ya moto, kama ninavyofanya kwa mtoto wa mtu anayezaliwa amechoka. Nimewahi kuwarudisha wengi kwa njia hiyo. Huyu hakurudi. Nilimfunga kwenye kipande cha leso nikamzika chini ya mpapai, na wifi alisimama karibu hakusema neno kwa pua wala kwa mdomo.

Siku hiyohiyo ilikuwa siku yangu ya kwenda hospitali ya Msambweni kumtazama bibi.

Nilimkuta amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma kama nyama buchani, nywele zimesukwa na muuguzi mistari miwili. Aliponiona aliinua mikono yote.

"Mama. Sema."

"Amezaa."

"Ngapi?"

"Watano," nikasema. Ulimi ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nimepanga kusema sita, mmoja amekufa, njia nzima nimejifundisha. Nikauona uso wake, nikasema watano.

Alilia, akajifuta kwa shuka. "Tano. Tano. Na papa? Papa iko furaha?"

Hapo nikajivuna, nikakaa vizuri kwenye kiti. "Baba usiwe na wasiwasi naye. Nimemtoa. Yuko kwenye debe mpaka arobaini itimie."

Machozi yalikauka. "Debe nini?"

"Debe la mafuta. Nimelisafisha."

"Papa iko debe?"

"Alikuwa akimsumbua mzazi. Kwetu mwanamume hakai na mzazi. Akili zao hazingoji."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningefarijika. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akazungumza polepole, kama yeye ndiye mkunga na mimi ndiye niliyezaa. "Mama. Papa hii, kazi yake lala juu ya toto. Mama kula, papa lala. Papa kula, mama lala. Toto hapana nguo. Papa ndiyo nguo."

Nikaiona ile njugu yangu moja chini ya chupa ya maji. Na nikaona kosa langu lilipo. Kwetu mume akitolewa, anaingia mama, anaingia shangazi, jirani anachemsha maji, mwingine anashika mtoto mzazi apate kula. Mume mmoja hutoka, wanawake saba wakaingia. Mimi nilimwondolea yule mke mtu wake mmoja, halafu wanawake saba wako wapi? Wifi yangu na chetezo.

Ila sikutaka kushindwa moja kwa moja. "Lakini nimemwona kwa macho yangu," nikamwambia, "akimrukia. Siku ile ile."

"Ndiyo," bibi akasema. "Siku ile ile."

"Hata hajaoga?"

Alicheka mpaka vyuma vikagongana na mguu ukayumba. Muuguzi akaja, mtoto wa Kidigo mwenye sauti ya adabu iliyonyooshwa kama nguo: "Shikamoo mama. Tafadhali mgonjwa asichekeshwe." Nikamwambia marahaba, tunazungumza mambo ya uzazi.

Nilitaka kuondoka mara moja nikamrudishe mume. Bibi akanishika mkono. "Hapana. Siku tatu nyingi. Mama sahau papa. Nusa papa, fikiri mtu ingine. Pigana. Ua."

"Wanajuana kwa harufu?"

"Harufu tu."

Nikamwambia kuhusu udi. Bibi alijifunika uso kwa mto.

Alipoutoa mto aliomba kalamu kwa muuguzi, akachora nyuma ya karatasi ya chakula. Kusoma sijui, na yeye alilijua hilo, lakini picha ile hata mbuzi angeielewa. Sanduku, mstari katikati wenye vitobo. Huku mama na vitone vitano. Huku baba. Halafu mishale: maranda ya baba yaende kwa mama, maranda ya mama yaende kwa baba, asubuhi na jioni. Akachora jua na mwezi mara nyingi, na mwisho akaufuta mstari kwa kidole. "Kama moja kasirika," akasema, "ngoja tena."

Waya niliupata kwa jirani yetu wa bara, mama mmoja aliyekuwa akifua hotelini mpaka hoteli ilipompunguzia siku, akaanza kufuga sungura nyuma ya nyumba. Yeye sauti yake inakwenda mbio na kuchanganya kila kitu njiani, na mimi huniita Shosho, yaani nyanya.

"Shosho, hii waya ni ya nini?"

"Ya kusuluhisha panya."

"Panya gani, Shosho?"

"Mke na mume. Walitengana kwa sababu ya maneno ya watu."

Akanitazama. "Aki nyinyi watu wa Coast." Lakini aliacha kazi yake, akaja na koleo, akapima sanduku, akakata kipande cha wavu wa banda la zamani, akakunja kingo zisichome mtu, akakipachika katikati kikakaa imara. Alipowaona wale watano alishika mdomo. "Woiye. Na ziko uchi hivi. Shosho, si uzipatie kitu ya moto?" Ndiye aliyenipa wazo la chupa. Tukatia maji ya moto kwenye chupa ya soda, tukaizungushia leso, tukaiegemeza kwa nje ya kioo mahali watoto walipo.

Basi nyumba ikawa na kazi. Chupa hupoa upesi. Tulipanga zamu, mimi na wifi, na kwa jinsi tulivyopanga ilikuwa sawasawa. Lakini kila nilipokwenda kubadilisha nilikuta chupa ina moto. "Nani amebadilisha?" "Sijui," wifi anasema, "labda jua." Na vidole vyake vyekundu kwa maji.

Udi tuliuweka kabatini. Wifi hata mafuta ya nywele aliacha, kwa siku zile, asije akawachanganya. Maranda nilihamisha kama mishale ilivyosema. Siku ya kwanza niliyotia maranda ya mume kwa mke, aliyanusa akayapiga teke yote kwenye kona. Nilimwelewa. Nimeshawasuluhisha watu, najua mke akirudishiwa habari za mume anavyofanya siku ya kwanza. Mume yeye, nilipomtilia ya mke, aliyakusanya yote akajitengenezea kitanda.

Siku ya pili mke aliyaacha pale yalipo. Hakuyatumia, hakuyatupa.

Siku ya tatu nilikuta amehama. Amewabeba wale watano kutoka kona yao, amejenga upya, na amejenga ukutani kabisa, kwenye waya. Upande wa pili mume amelala hapohapo, mgongo wake umeugusa wavu, manyoya yametokeza upande wa pili. Watoto wamejibana kwenye manyoya hayo. Wifi alitazama muda mrefu akiwa na chupa yake mkononi. "Sasa hii tuiweke wapi?" akauliza, kwa sababu kona ilikuwa tupu.

Watoto nao walikuwa wameanza kubadilika. Ule wekundu ulififia, ngozi ikaingia kivuli, kisha kivuli kikawa manyoya mafupi kama ya tunda la pichi. Wakawa wazito. Nilikuwa nikiwahesabu asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila nikifika tano napumua.

Jua la tano katika ile picha, niliuondoa waya. Nilivaa soksi mbili za marehemu mkononi. Wifi alisimama na mfuniko wa sufuria, wa kuwatenganisha wakishikana. Jirani alikuwa dirishani kwa nje, hataki kuingia, hataki kuondoka. "Shosho, kama itarukia mtu, si mimi."

Mume hakusogea. Mke akamwendea. Alikwenda kidogokidogo, tumbo chini, mkia umenyooka. Nywele za mgongoni zilimsimama. Walisimama wote wawili kwa miguu ya nyuma, pua kwa pua, na mikono ya mke ikamsukuma kifuani mara moja, mara mbili. Wifi akainua mfuniko. Nikamwambia ngoja.

Mume aliinamisha kichwa chini ya kidevu chake. Akakaa hivyo hivyo, macho nusu yamefumba. Mke alimnusa sikio, akanusa shingo, akanusa upande, akarudi sikioni. Halafu akaanza kumsafisha. Alimsafisha kwa nguvu, kama mama anavyomsugua mtoto aliyecheza matopeni, anamgeuza huku na huku.

Alipomaliza, mume alikwenda kwenye kitanda. Akawanusa watoto mmoja mmoja, akawavuta chini ya tumbo, akajitandaza juu yao mpaka hawakuonekana. Na mke, sasa, akaenda kwenye chakula. Alikaa chini akala. Alikula alizeti, akala mtama, akala tena alizeti, hana haraka, hageuki nyuma, na maganda yalikuwa yanarundikana mbele yake kama kwa wanawake walio harusini.

"Siku ya ngapi leo?" wifi akauliza.

"Ya nane."

Aliushusha mfuniko. "Watu wasijue," akasema.

Bibi alirudi Diani wiki ya tano, kwa magongo mawili, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Mimi nilikuwa nimetangulia na sanduku, nimelipanga pale pale lilipokuwa, na sakafu nimeipiga deki jana yake nikakaa nikaitazama mpaka ikakauka. Watoto walikuwa wameshafumbua macho, wana vishungi, wanarukiana na kuchimba mchanga wakimtupia baba yao usoni.

Alijishusha kwenye kiti taratibu, akaweka magongo chini, akaelekeza kidole. "Moja. Mbili. Hii tatu, hapana, hii mbili. Tatu. Nne. Tano." Akanigeukia, uso wote umemtanuka.

Nikasema, "Walikuwa sita."

Akashusha kidole.

"Mmoja alikufa kwa baridi, asubuhi ile niliyokuja hospitali. Baba yake alikuwa kwenye debe. Nikakudanganya. Na sakafu uliyoteleza ni mimi niliyeilowesha."

Alitazama panya, akatazama sakafu. "Sakafu kila siku veve piga deki," akasema. "Kila siku mimi tembea. Siku ile simu lia, mimi kimbia. Mzee kimbia, nani kosa?"

Yeye akaendelea, sasa polepole zaidi, anatafuta maneno. Alikuwa mtoto, ana miaka minane, kwao. Alikuwa na panya mweupe, wa kwanza, akazaa saba. "Mimi penda sana. Mimi chukua yote, tia mfuko ya koti, peleka shule, onyesha rafiki." Akafungua viganja. "Jioni, saba, yote kufa. Veve moja, mama. Mimi saba."

"Mama yako alifanya nini?"

"Kasirika sana. Sana, sana."

"Alisemaje?"

Akasema kwa lugha yao, haraka, maneno magumu kama mtu anayevunja kuni kavu. Sikuelewa hata moja, lakini mlio niliupata. Nikasimama, nikajishika kiuno, nikakunja uso, nikamvunjia kuni zile zile, kubwa na ndogo, mpaka panya wote saba wakasimama kwa miguu miwili kututazama. Bibi alikuwa anacheka ameshika mguu wake kwa mikono miwili, machozi yanamshuka.

"Karibu," akasema alipoweza kusema. "Karibu sawa. Lakini mama yangu hapana shika kiuno. Mama yangu kidole."

Nikainua kidole, nikaanza tena.